Harusi ya Kipupwe kwa Wiki Saba: Uchambuzi wa Maandalizi ya Haraka Bariadi

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na wilaya zilizomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, kalenda ya harusi hufuata kalenda ya shamba. Kipupwe, yaani majira ya baridi na ukavu yanayoanza Juni mvua zikishakatika na kuendelea hadi Agosti, ndiyo miezi ambayo pamba imevunwa, mpunga uko ghalani, barabara za vumbi zinapitika, na ng'ombe bado wana miili kutokana na majani ya masika. Familia inayotaka harusi nzuri huilenga miezi hiyo, na kwa kuwa uamuzi wa mwisho mara nyingi husubiri kuona mavuno yalivyokuwa, muda unaobaki kati ya kusema ndiyo na kuvaa shela huwa wiki chache tu. Namna ambavyo kamati za harusi za Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega zinaumudu muda huo inastahili kuchunguzwa kama ufundi, kwa maana ina kanuni zake, ingawa ni nadra kuandikwa.

Tofauti moja na nchi za kaskazini mwa dunia inafaa kutajwa mapema. Huko, harusi ya majira ya baridi hufungwa katika miezi ambayo wengi huikwepa, hivyo kumbi huwa wazi na bei hushuka, na anayepanga kwa haraka huokolewa na upungufu wa washindani. Simiyu hali ni kinyume kabisa: kipupwe ni kilele cha msimu, kila Jumamosi ina harusi zaidi ya moja, na kumbi, wapambaji, wapiga picha na washereheshaji wanaotegemewa ni walewale. Kamati inayoanza kwa kutafuta ukumbi, kama zinavyofanya nyingi, huwa imeanza na jambo ambalo haina uwezo nalo. Kamati inayofaulu huanza na mambo ambayo hayafupishiki, ikahesabu kinyumenyume kutoka siku ya ndoa, kisha ikaliacha suala la mahali liamuliwe na nafasi inayobaki.

Jambo la kwanza lisilofupishika ni la kisheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa ya kusudio hilo kwa msajili au kwa ofisa mwenye leseni ya kufungisha ndoa, ambao viongozi wengi wa dini ni miongoni mwao, angalau siku 21 kabla ya ndoa. Ikichukuliwa kwa mfano ndoa ya Jumamosi ya 18 Julai 2026, hesabu ya siku 21 inaangukia tarehe 27 Juni, ambayo nayo ni Jumamosi, na haiwezi kuwa vinginevyo, kwa kuwa siku 21 ni wiki tatu kamili. Ofisi ya mkuu wa wilaya, ambayo wananchi huiita bomani na ndiko ndoa za kiserikali hufungwa, haifunguliwi Jumamosi, kwa hiyo kikomo halisi ni Ijumaa ya 26 Juni, na kamati yenye busara huweka kikomo chake siku kadhaa nyuma ya hapo ili cheti cha kuzaliwa kilichosahaulika kijijini kipate muda wa kufika. Kwa wanaofunga ndoa kanisani, matangazo ya ndoa, ambayo katika makanisa mengi husomwa Jumapili tatu mfululizo ili mwenye pingamizi ajitokeze, yanaweza kusomwa tarehe 28 Juni, 5 Julai na 12 Julai, yaani ndani ya wiki zilezile tatu za taarifa ya kisheria. Hesabu mbili zinazokwenda kwa pamoja hazimwongezei mpangaji hata siku moja, na hili peke yake ndilo linaloiwezesha harusi ya wiki saba.

Wapo wanaoziona siku hizo 21 kama urasimu, na mtazamo huo una hatari, hasa katika ukanda ambao ndoa za watoto zimekuwa jeraha la muda mrefu. Taarifa na matangazo ni nafasi ambayo jirani, mwalimu au ndugu anaweza kusema kwamba binti hajafikisha umri au hajaridhia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa ya serikali. Haraka ya maandalizi inaweza kukata kila kitu kingine, lakini si hatua hii.

Mahari, tofauti na inavyodhaniwa, hufupishika. Kwa Wasukuma, mahari hujulikana kama bukwi na kwa desturi huhesabiwa kwa ng'ombe, na Hans Cory, aliyechapisha kitabu cha sheria na mila za Kisukuma mwaka 1953, alieleza kwa kirefu jinsi ndoa ya bukwi inavyotofautiana na muungano usio na mahari, hasa kuhusu haki za watoto. Sheria ya mwaka 1971 kwa upande wake haiibatilishi ndoa kwa sababu tu desturi ya mahari haikutimizwa. Kati ya mila na sheria, washenga wa leo wamepata njia ya kati: idadi hukubaliwa katika kikao kimoja badala ya vitatu, sehemu ya ng'ombe hutolewa kabla ya ndoa, na iliyobaki huandikwa na kushuhudiwa na wazee wa pande zote mbili. Wakati wa kutoa sehemu hiyo ya kwanza nao una hesabu yake, kwa kuwa ng'ombe wa Juni ana mwili ambao hatakuwa nao Septemba, pale malisho ya wazi yatakapokuwa yamekwisha na mifugo kutegemea ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi. Ng'ombe akitolewa mapema, mkwe hupokea mnyama anayeonekana, na mvutano wa kukataa waliokonda, ambao unaweza kuahirisha harusi, haupati mahali pa kuanzia.

Moyo wa maandalizi yote, hata hivyo, ni kamati ya michango, na hapa ndipo wiki saba huwa ama nyingi au chache. Kamati huwa na mwenyekiti, katibu na mhazini, na chini yao kamati ndogo za chakula, mapambo, usafiri na mapokezi. Wanaoalikwa vikaoni hutoa ahadi, yaani kiasi wanachojifunga kuchangia, kisha hufuatiliwa kwa kadi, kwa kundi la WhatsApp na kwa simu hadi walipe, siku hizi kwa kiasi kikubwa kwa pesa za mtandao, huduma iliyoenea tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008. Udhaifu wa mfumo huu uko katika mpishano wa nyakati mbili. Mwenye mahema, mpambaji na mpiga muziki hutaka malipo ya awali siku ya kuandikiwa nafasi, yaani wiki ya kwanza au ya pili, ilhali waahidi wengi hulipa siku kumi za mwisho, ndugu wakianza kufika na aibu ya kutokulipa ikianza kuuma. Harusi ya maandalizi ya miezi sita huweza kuuziba mwanya huo polepole, lakini ya wiki saba huukuta umefunguka mara moja.

Daftari la mhazini mzuri huonyesha jinsi mwanya huo unavyozibwa. Badala ya safu mbili za kawaida, ahadi na kilicholipwa, huwa na safu ya tatu yenye tarehe ambayo mwahidi anatarajia kupata fedha, na safu hiyo ndiyo inayoongoza simu za ufuatiliaji. Mwalimu au muuguzi huandikiwa tarehe za mwisho wa mwezi, yaani mshahara wa Juni, kwa sababu wa Julai utakuja harusi imekwisha. Mkulima wa pamba huandikiwa siku atakayouza, na siku hiyo haitegemei yeye peke yake: Simiyu ndiyo imekuwa ikiongoza nchini kwa uzalishaji wa zao hilo, na ununuzi wake hupitia vyama vya msingi vya ushirika, vinavyojulikana kwa kifupi kama AMCOS, baada ya msimu kufunguliwa na bei dira kutangazwa, yaani bei ya chini ambayo mnunuzi hatakiwi kushuka chini yake. Msimu ukifunguliwa mwezi Mei, ahadi ya mkulima ni fedha kufikia mwishoni mwa Juni. Malipo yakichelewa, ahadi hiyohiyo ni karatasi. Kwa sababu hiyo mhazini makini hutenga bajeti mbili, moja ya fedha zilizokwisha kuingia na nyingine ya ahadi zote, akaiwekea ya kwanza mambo ambayo harusi haiwezi kufanyika bila hayo, na ya pili mambo ya kupendezesha, kama matarumbeta, magari ya ziada na keki kubwa.

Njia ya pili ya kuziba mwanya ni kupokea michango isiyo ya fedha. Gunia la mpunga, mbuzi, kuni na siku ya kazi vina thamani ileile katika bajeti na havisubiri mshahara wala soko la pamba. Jamii ya Wasukuma ina urithi mkubwa katika eneo hili, kwani basumba, yaani umoja wa vijana wa kijiji ulio chini ya kiongozi aitwaye nsumba ntale, umekuwa ukiitwa tangu zamani kulima, kujenga na kuhudumia sherehe kwa malipo ya chakula na kinywaji. Mjini Bariadi sura yake imebadilika na kuwa vikundi vya mtaa na vya kanisa, ila kanuni ni moja, na kamati inayomtambua kiongozi wa vijana mapema huokoa gharama za wabebaji, wachota maji na walinzi wa vyombo. Mwezi Juni shule huwa likizo, kwa hiyo walimu, ambao ni nguzo ya kamati nyingi za mkoa, wana muda wa kufuatilia, na viwanja vya shule huweza kuombwa pale kumbi zinapokuwa zimejaa.

Harusi ya uwanjani hudai ufundi wake. Jua la mji wa Bariadi, ulio karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, huzama baada ya saa 12:45 jioni mwezi Julai, na saa hiyo haibadiliki sana mwaka mzima, hivyo tofauti na kaskazini hakuna siku fupi ya kukimbizana nayo. Anayesumbua ni upepo mkavu wa alasiri pamoja na vumbi lake. Kwenye udongo wa luseni, ambao ni mchanga wa sehemu za mwinuko, vigingi vya hema hung'oka upepo ukivuta, na mafundi hulazimika kufunga kamba kwenye viroba vilivyojazwa mchanga. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni ambao wakati wa mvua hunasa malori, kipupwe huleta ugumu na nyufa, na kigingi kilichopigwa karibu na ufa hulegea hata kama kiliingia kwa shida. Fundi mzoefu hukagua uwanja siku mbili kabla, akaelekeza mgongo wa hema upande upepo unakotoka na jiko upande wa pili, ili moshi usipite mezani. Vitambaa vyepesi vya mapambo hufungwa chini na juu, na maua mabichi, ambayo hunyauka upesi katika hewa hiyo, huwekwa meza kuu pekee.

Kwa upande wa chakula, neema ya msimu ina mtego mmoja. Mchele mpya, uliokobolewa kutoka mpunga wa Mei na Juni, ni mwingi na mtamu, lakini hunyonya maji kidogo na hushikana, na sufuria kubwa ya pilau iliyopikwa kwa kipimo cha maji cha mchele wa zamani hugeuka bokoboko wakati wageni wamekwisha kuketi. Wapishi wa shughuli huomba mchele wa mwaka uliopita kwa ajili ya pilau na kuuacha mpya kwa wali wa ndugu wa nyumbani, au hupika sufuria ndogo ya majaribio siku moja kabla ili kupata kipimo. Samaki kutoka ziwani upande wa Busega huagizwa kwa asubuhi ya siku yenyewe, kwa kuwa barabara ya lami ya Lamadi hadi Bariadi imeufanya usafiri huo kuwa wa muda mfupi.

Tarehe ya 18 Julai katika mfano huu imechaguliwa kwa sababu maalumu. Mwanzoni mwa Agosti uwanja wa Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi, hupokea maonesho ya wakulima ya Nane Nane, na ulikuwa mwenyeji wa maadhimisho ya kitaifa miaka ya 2018, 2019 na 2020. Nyumba za wageni hujaa, mahema na jenereta hukodishwa na taasisi zenye uwezo kuliko familia. Kwa hesabu hiyohiyo hupangwa kikao cha kuvunja kamati, ambacho ndicho kikao cha mwisho cha kusoma mapato na matumizi, kutaja madeni na kuamua nani atayalipa. Kamati ya haraka hukiweka ndani ya wiki mbili baada ya harusi, kabla wanakamati hawajatawanyika kwenda Nyakabindi, na mhazini huja na daftari likiwa na safu ya tatu bado wazi kwa wale waliokuwa wakisubiri malipo ya pamba, ambao hupewa tarehe mpya na mtu mmoja wa kuwafuatilia, pamoja na nakala ya maandishi ya ng'ombe waliobaki, inayokabidhiwa kwa wazee wa familia zote mbili.