Picha Zinazopima Barafu

Kuna picha ya Mlima Kenya ambayo sichoki kuitazama. Ni usiku. Mawe ya kijivu yametapakaa mteremkoni, na katikati yake umepita mstari wa moto, ukipanda na kushuka kwa kufuata umbo la ardhi. Mbali, juu ya mstari huo, kimebaki kipande cha barafu. Moto unaonyesha ukingo wa barafu hiyohiyo ulipokuwa miaka mingi iliyopita. Baina ya hivyo viwili ni mawe matupu, na mawe hayo ndiyo habari yenyewe.

Aliyeipiga ni Simon Norfolk, Mwingereza aliyezaliwa Lagos. Mwaka 2014 alipanda mlima huo akishirikiana na Project Pressure, shirika linalokusanya picha za barafu zinazoyeyuka duniani. Barafu aliyoifuata inaitwa Lewis. Wataalamu wameipima tangu zamani, na ramani ya mwaka 1934 ni miongoni mwa zile wanazozitegemea sana. Kutoka mwaka huo hadi 2010, Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake.

Norfolk alichukua vipimo hivyo, akatafuta juu ya mawe mahali ukingo ulipopita katika mwaka fulani, kisha akasubiri giza. Aliiacha lenzi wazi kwa muda mrefu, na mwenge uliolowekwa petroli ukatembezwa polepole kufuata mstari ule. Mbebaji haonekani pichani, kwa kuwa hakutulia mahali pamoja kiasi cha kuacha alama. Mwali peke yake ndio uliojichora, hatua kwa hatua. Petroli nayo aliichagua kwa makusudi, maana kuichoma huchangia joto linaloila barafu ile. Kila mstari una mwaka wake. Ninachokistahi hapa ni uaminifu wa miguu. Angekatisha njia ili mkunjo upendeze zaidi, angepata picha nzuri isiyosema kweli. Hakukatisha, na bado picha imependeza.

Ufundi huu una babu yake, na babu huyo alifanya kazi karibu zaidi nasi wa Kongo, kwenye Rwenzori, milima tunayogawana na Uganda. Mwaka 1906 mjukuu wa mfalme wa Italia, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, aliongoza msafara uliofika vilele vikuu vya milima hiyo, pamoja na Margherita chenye mita 5,109. Mpiga picha wake alikuwa Vittorio Sella, aliyezaliwa Biella mwaka 1859. Baba yake alikuwa ameandika kitabu cha ufundi wa picha, kwa hiyo Sella alikua akiijua harufu ya dawa za kusafishia picha.

Rwenzori ni mahali pagumu kwa kazi hiyo. Ukungu hupanda kutoka msituni na kufunika vilele siku nyingi za mwaka. Jua likitoka, hutoka kidogo tu. Sella alipotaka kuonyesha safu nzima ya milima, alilazimika kuipiga vipande vipande na kuviunganisha baadaye. Kamera lazima isimame sawasawa juu ya miguu yake mitatu, isiinamie upande wowote. Apige kipande cha kwanza, aigeuze kamera kidogo, akiacha ukingo wa kipande cha kwanza uingie ndani ya cha pili, aendelee hivyo mpaka mwisho. Wingu moja likikatiza katikati, mwanga hubadilika na vipande havioani tena. Basi asubiri na aanze upya. Theluji nayo ina mtego wake. Ukiipimia theluji mwanga, mwamba unakuwa kiza kitupu. Ukiupimia mwamba, theluji inageuka karatasi nyeupe. Katika picha zake nyufa za barafu zinaonekana wazi, na mwamba ulio kando haujazama gizani.

Kwa sababu ya utulivu huo, kazi yake ikawa kipimo. Wanaotaka kujua barafu ya Rwenzori ilienea wapi huanzia kwenye picha na ramani za msafara wa 1906. Wakati ule barafu ilikuwa juu ya milima sita. Wapimaji waliopanda siku hizi wamekuta barafu ya mlima Stanley ikipungua kwa karibu asilimia 30 kati ya 2020 na 2024 peke yake. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu ya Rwenzori, Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda ikaisha kufikia miaka ya 2040.

Maji ya Rwenzori hayafiki Kindu, mji wetu ulio kando ya mto Lualaba. Hushuka Semliki, yakaingia Ziwa Albert na kufuata Nile. Msafiri David Livingstone alikaa Nyangwe, papa hapa Maniema, mwaka 1871, akitumaini kwamba Lualaba ndiyo Nile. Kumbe maji yetu yanakwenda Kisangani na kuishia Atlantiki. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kuhifadhia samaki. Lakini ufundi wa Sella na Norfolk unatuhusu moja kwa moja, kwa sababu nasi tunaishi kando ya maji matamu yasiyotulia, ambayo kingo zake hula ardhi hapa na kutema mchanga pale.

Kindu haina upungufu wa wapiga picha. Wapo wa harusi, wa vitambulisho, na vijana wenye simu nzuri. Natamani mmoja wao achague mahali pamoja kwenye ukingo wa mji, akiielekea Alunguli ng'ambo ya mto, arudi hapo maji yakijaa na yakipungua, asubuhi kabla mng'ao wa jua haujafuta rangi ya mto. Lenzi iwe ileile, kimo kiwe kilekile, na mti fulani au jengo lisilohama libaki pembeni mwa picha kama alama. Aitafute sura nzuri ya mitumbwi na ukungu, hilo ni haki yake. Ila aandike pamoja na kila picha mwezi, mwaka na mahali aliposimama. Bila hayo matatu, mtu wa mwaka 2100 ataipenda picha hiyo lakini hataweza kuitumia kujua mto umesogea kiasi gani.