Asili ya Laana katika Riwaya ya Angelique's Descent

Riwaya inayotungwa kutokana na tamthilia ya televisheni haipewi heshima kubwa na wahakiki. Husemwa kuwa ni biashara tu: wahusika wamekwisha kuumbwa na wengine, wasomaji wamekwisha kupatikana, na kazi ya mtunzi ni kujaza kurasa. Hukumu hiyo ina ukweli wake, lakini haifai kukubaliwa bila kupimwa. Katika makala haya tutaipima kwa kuichunguza Angelique's Descent, riwaya ya Lara Parker iliyotolewa Marekani mwaka 1998.

Tamthilia iliyoizaa riwaya hii ni Dark Shadows, ambayo ilionyeshwa na shirika la ABC tangu Juni 1966 hadi Aprili 1971, kwa vipindi 1,225. Mhusika wake mashuhuri, Barnabas Collins, ni mnyonya damu aliyefungiwa jenezani kwa minyororo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Alipokwisha kupendwa na watazamaji, tamthilia ilirudi nyuma hadi mwaka 1795 ili kueleza chanzo cha masaibu yake. Barnabas, mwana wa tajiri wa meli katika jimbo la Maine, alifanya mapenzi na Angelique kisiwani Martinique, kisha akamchumbia Josette du Prés, binti wa ukoo wenye mashamba. Angelique alikuwa mtumishi wa ukoo huo, na alikuwa mchawi. Alipoachwa, akalipiza kisasi kwa laana.

Riwaya za kwanza za Dark Shadows zilitungwa na W. E. D. Ross, Mkanada aliyejificha nyuma ya jina la kike la Marilyn Ross. Kati ya mwaka 1966 na 1972 alitoa zaidi ya thelathini. Ross alishika njia yake mwenyewe bila kuyafuata matukio ya televisheni: mwanamwali, jumba kubwa, siri, hatari, kisha wokovu. Ni riwaya za kupitisha wakati. Ndani yake Barnabas anapita kama mgeni, na chanzo cha laana hakichimbuliwi kwa kina.

Parker anaanzia mahali pengine. Yeye ndiye mwigizaji aliyemwigiza Angelique katika tamthilia, na katika riwaya amemtafutia mhusika wake utoto. Barnabas anaisoma shajara ya Angelique, na kwa njia hiyo yule aliyekuwa adui anapewa nafasi ya kujisimulia. Tunamwona mtoto akikua katikati ya mashamba ya miwa na watumwa, akifanywa mungu wa kike katika ibada zao kwa manufaa ya mwenye shamba. Hapa ndipo penye uzito wa riwaya. Katika televisheni uchawi wa Angelique ulikuwa silaha ya wivu. Katika riwaya, nguvu hizo zilitumiwa na wenye mali kabla hajazitumia yeye mwenyewe.

Historia inaunga mkono usomaji huu. Ufaransa ilitangaza kukomesha utumwa katika makoloni yake Februari 1794, lakini mwaka huo huo Waingereza waliiteka Martinique, na utumwa ukaendelea. Haukukomeshwa kisiwani humo mpaka mwaka 1848. Aidha, wafanyabiashara wa kaskazini-mashariki ya Marekani walipeleka mbao na samaki wa chumvi katika visiwa hivyo, wakarudi na sukari na molasi. Basi utajiri wa koo za namna ya Collins na du Prés ulitokana na damu ya watu kabla Barnabas hajaota meno ya kunyonyea.

Msomaji wa Kiswahili hashangazwi na jambo hilo. Masimulizi ya mumiani na wazimamoto yaliyoenea Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ambayo mwanahistoria Luise White aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 2000, yalimhusisha mchukua damu na ajira, magari na serikali. Mumiani hapendi wala hachumbii, analipwa. Lugha yenyewe inatufunza hivyo, kwani neno kunyonya hutumika kwa damu na kwa jasho la mfanyakazi pia.

Kasoro ya riwaya ni kwamba inaliona jambo hili kisha inaliacha. Barnabas akishaingia, hadithi inaharakishwa kuelekea matukio ambayo televisheni iliyaonyesha zamani, watumwa wanasogezwa pembeni, na hasira ya Angelique inarudi kuwa ya mwanamke aliyeachwa. Mtu anaweza kumtetea Parker kwa kusema kuwa mwisho ulikuwa umekwisha kufungwa na wengine. Utetezi huo hautoshi. Tamthilia ilimfunga kuhusu matukio, si kuhusu maana yake. Angeweza kuifanya laana ile ile, kwa maneno yale yale, ibebe pia kilio cha waliokufa mashambani.

Hata hivyo, riwaya hii inastahili kusomwa. Wanaodai kuwa riwaya za aina hii haziwezi kuongeza kitu watapata hapa jibu lenye uzito, kwa sababu Parker ameuliza swali ambalo tamthilia haikuuliza: aliyelaani alifunzwa na nani kulaani? Jibu lake halikukamilika, lakini swali limebaki mikononi mwetu, nalo ni zuri kuliko majibu mengi.