Noti Zisizo na Kitufe

Kinanda kinagawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, basi. Lakini kwenye maqamu ya Rasti, wanayoijua wapiga udi na ganuni, sauti ya tatu inakaa katikati ya vitufe viwili. Chivoti cha Wamijikenda nacho hakijawahi kukiomba kinanda ruhusa: matundu yake hutobolewa kwa mkono, na kila kimoja kina ngazi yake. Ukikirekodi huko Kilifi kisha ukakinyoosha kwa programu ya kurekebisha sauti, umekifundisha adabu ambayo hakikuihitaji.

Ndiyo maana napenda muziki unaopigwa kwa kuandika kodi mbele ya watu. Kwenye Sonic Pi, programu ya bure ya Sam Aaron, 63 ni kitufe kimoja na 64 ndicho kinachofuata. Andika play 63.5, umeshaingia pale pasipo na kitufe. Mwaka 2021 mwanamuziki wa Kiiraki, Khyam Allami, pamoja na studio ya Counterpoint, walitoa Leimma na Apotome, programu zinazofunguka kwenye brauza: unajitungia ngazi na kuisikia hapo hapo. Hoja iliyo ndani yake naikubali. Programu nyingi za muziki zinajifanya hazina upande, kumbe zimebeba masikio ya Ulaya.

Ila nina ugomvi nazo kidogo. Desimali si ladha. Mwimbaji wa taarabu hafiki kwenye noti akasimama kama askari wa zamu. Anaipanda, anaizungusha, anashuka nayo. Ukiiacha 63.5 ijirudie tu kwenye lupu, umeunda kinanda kingine, chenye vitufe vilivyohamishwa. Sonic Pi ina note_slide, inayotelezesha sauti kutoka noti hadi noti. Mimi naona kazi inaanzia hapo.

Na tusivilaumu vitufe bure. Tashkota, ala iliyotoka Japani yenye vitufe kama vya taipureta, inang'aa kwenye taarabu ya Zuhura Swaleh wa Mombasa. Vitufe havihami, sauti ya Zuhura ndiyo inayovizunguka.

Kwa hivyo wewe wa Malindi mwenye laptopu, usianze na orodha ya maqamu kutoka Cairo. Kaa na mpuliza chivoti, pima sauti ya kila tundu, andika namba zake, kisha mpigie asikilize. Kodi hubadilishwa bila muziki kuzimwa. Mzee akikunja uso, rekebisha papo hapo: sikio lake ndilo kipimo.