Fundi Asiyegusa Kitu

Anayependa kazi ya Linux na atenge muda kidogo aisome fsck.xfs. Ni skripti fupi, na mashine inapowaka haifanyi karibu lolote: inasoma vigezo ilivyopewa, inahakikisha kifaa kilichotajwa kipo, inarudisha sifuri, basi. Mgeni atasema ni uvivu. Kwangu mimi huo ndio ufundi wenyewe, kwani mwandishi wake alijua kwamba umeme ukikatika ghafla, XFS hujiweka sawa inapopachikwa, kwa kuyapitia upya mabadiliko iliyokuwa imeyaandika kwenye kumbukumbu zake. Kuikagua yote kabla ya hapo ni kumchelewesha mtu bure.

Anayemwita fundi huyu ni fsck, ambaye wengi hudhani ndiye anayekagua diski. Wapi! Yeye ni nyapara tu: hutazama partisheni ni ya aina gani, humwita fundi wa aina hiyo, kisha husubiri majibu. Safu ya sita ya /etc/fstab ndiyo inayopanga zamu: 1 kwa mzizi, 2 kwa nyingine, 0 kwa zisizoguswa. Majibu yenyewe yamebuniwa kwa akili sana. 1 ni hitilafu zimerekebishwa, 2 ni mashine iwashwe upya, 4 ni hitilafu zimebaki, 8 ni kazi imeshindikana; kwa hiyo ukiona 3 hupati utata, ni 1 na 2 zimekuja pamoja.

Utamu uko kwenye vigezo. Kile ambacho nyapara hakielewi hukipitisha kama kilivyo, na mafundi hawa hawakusoma shule moja. Kwa e2fsck, fundi wa ext4, -f ni amri ya kukagua hata kama diski imeandikwa kuwa safi. Kwa fsck.fat, -f ni kuokoa minyororo ya klasta isiyo na mwenyewe na kuigeuza kuwa faili. Sasa andika fsck.mode=force kwenye mstari wa keneli: systemd itampa kila fundi -f ileile, akiwemo wa partisheni ya EFI, ambayo ni FAT.

Halafu kuna -p na -y. Kwa -p, e2fsck hurekebisha yaliyo salama bila kuuliza; akikuta jambo linalohitaji uamuzi wa mtu, hueleza, hurudisha 4 na kuacha. Kwa -y hukubali kila kitu, na asubuhi unaweza kukuta lost+found imejaa faili zenye namba badala ya majina. Mimi ni mtu wa -p. (Seva iliyo juu ya mnara, isiyo na kibodi wala mtu, hiyo naielewa ikipewa -y.)

Tangu 2018 hata fsck.xfs ana mlango wa dharura: fsck.mode=force ikiwekwa, humwita xfs_repair afanye kazi. Mwenzake fsck.btrfs amekataa katakata. Mpe -f, mpe -y, mradi kifaa kipo atarudisha sifuri. Anayetaka ukaguzi aende mwenyewe kwa btrfs check, na kuhusu --repair, waliomtengeneza wenyewe wanaonya mtu asiiguse kabla ya kuuliza wanaojua.