Njoo Tena Aprili: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri Chini ya Ardhi

Mwezi wa Januari kila besimenti ya Dar es Salaam ni kavu. Rangi inang'aa, taa zinawaka, dalali anagonga ukuta kwa kiganja kukuonyesha ulivyo imara. Mjuzi humsikiliza, humshukuru, kisha huomba kurudi Aprili, masika yakiwa yamekolea na maji ya ardhini yamepanda. Mtumbwi haukaguliwi ukiwa umepandishwa mchangani.

Kama huna nafasi ya kungoja, zipo dalili zinazosomeka hata kiangazi.

Anza na upande wa maji

Kila mita moja ya kina cha maji hukandamiza kwa uzito wa takriban tani moja kwa kila mita ya mraba. Chumba kilichozama mita 3, udongo ukilowa hadi juu, huelemewa kitakoni na tani 3 hivi kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana. Ndiyo maana swali la kwanza ni moja: kinga imewekwa upande gani? Iliyowekwa nje, maji yenyewe huibana ukutani. Rangi iliyopakwa ndani husukumwa kutoka mgongoni, na siku moja hufura malengelenge na kubanduka. Ukikuta ukuta wa besimenti una rangi mpya nzito kuliko kuta za ghorofa za juu, uliza inaficha nini.

Hapa hata methali ya ufa inahitaji tahadhari. Ukiziba ufa kwa ndani bila kushughulika na maji yaliyo nje, yatatafuta ufa mwingine hatua mbili mbele, nawe utabaki ukiyafukuza chumba kizima.

Soma viungo kabla ya kuta

Zege zima mara chache huvuja katikati. Huvuja pale kazi ya jana ilipokutana na ya leo: ukuta unapokalia sakafu, bomba linapopenya, na kwenye vitundu vya vyuma vilivyoshikilia mbao wakati wa kumwaga. Fundi makini hukwaruza uso wa zege la jana, huliosha vumbi, na huacha mkanda wa mpira au wa bentonaiti, udongo unaovimba ukiguswa na maji, ndani ya kiungo. Zege likishamwagwa huwezi kuuona tena, kwa hiyo omba picha za siku ile. Fundi mzuri anazo, kwa sababu kazi hiyo anajivunia.

Kisha chunguza zege lenyewe. Matundu kama ya sega la nyuki yanasema vaibreta haikufika, au kokoto zilijitenga na uji wake. Kosa linalozaa mengi ni ndoo ya ziada ya maji inayoongezwa ili zege liteleze. Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, maji yakizidi lita 25, ukihesabu na unyevu wa mchanga, unajenga chujio. Na zege lisipomwagiliwa walau siku 7, hunyauka na kupasuka kabla halijakomaa.

Madoa yana lugha yake. Ufa mwembamba, chini ya robo milimita, wenye mstari mweupe mkavu, mara nyingi umejiponya: chokaa iliyotoka kwenye saruji imeganda ndani yake. Doa jeupe lenye unyevu ni la kuuliza. Doa la kahawia ni la kuogopa, hasa karibu na bahari, kwa kuwa huenda chumvi imeifikia nondo na kuitia kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hulipasua zege kutoka ndani.

Jasho au mvujo?

Watu wengi wamelipia kinga mpya pale walipohitaji dirisha tu. Hewa yenye mvuke ikigusa ukuta wa baridi hutoa jasho, na jasho hufanana sana na mvujo. Kata kipande cha nailoni, kibandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, ukiache hadi kesho yake. Matone yakiwa juu ya nailoni, tatizo ni hewa. Yakiwa nyuma yake, ukuta unapitisha maji. Jaribio hili halizidi bei ya kikombe cha chai, na fundi anayelikataa kabla ya kukupigia hesabu ya kazi kubwa amejieleza mwenyewe.

Mazishi ya kinga

Kwa jengo linaloendelea kujengwa, fika siku shiti za lami zinapobandikwa. Zipandane kwa sentimita 10 au zaidi, uso uwe mkavu na usio na vumbi, na kona ya ukuta na kitako ijazwe chokaa ya saruji kwa mviringo, maana shiti iliyokunjwa kwenye pembe kali hukatika. Halafu usiondoke. Kazi nyingi nzuri hufa siku ya kurudishia kifusi, pale lori linapomwaga mawe na vipande vya tofali juu ya kinga iliyo uchi. Tafuta bao au shiti nene iliyotangulia kuifunika, na udongo unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Njia ya kutokea

Kiwango cha Uingereza, BS 8102, kinataja mbinu tatu: kulizingira jengo kwa kinga, kulifanya zege lenyewe lizuie maji, au kuyapokea maji na kuyatoa. Mahali ambapo maji ya ardhini yako juu, mjenzi mwangalifu haitegemei mbinu moja peke yake.

Hiyo ya tatu ndiyo inayodharauliwa zaidi. Itazame kwa makini: bomba lenye matundu lililolala ndani ya kokoto, chini ya usawa wa sakafu, limefungwa kitambaa kisichopitisha tope, mifuniko ya kulisafishia, shimo la kukusanyia maji lenye pampu mbili, moja ikisubiri nyingine ishindwe. Umeme wa akiba si anasa, kwani umeme hupenda kukatika mvua inaponyesha. Fuata pia bomba la kutolea hadi mwisho wake. Likimwaga kando ya ukuta uleule, pampu itazungusha maji yaleyale mpaka iungue.

Mwisho muulize fundi: maji yakiingia, yatapita wapi? Anayejibu kwamba hayawezi kuingia, muage kwa adabu. Anayekushika mkono, akakupeleka pembeni na kufunua mfuniko wa shimo, huyo mpe muda wako. Na ukikuta maji humo mwezi wa Aprili, usishtuke. Hapo ndipo alipoyapangia yakae. Penye maji ya ardhini yaliyo juu, shimo kavu wakati wa masika ndilo la kutia shaka: maji yapo, ila yamekosa njia ya kulifikia, na yanangoja nyuma ya ukuta.