Ukifungua Boneti ya Pikapu Iliyobadilishwa Mkanda

Wauzaji wa pikapu za zamani wanajua macho ya mnunuzi hukimbilia wapi. Hung'arisha vifuniko vya valvu, hufunga breketi za alumini zinazometameta, kisha hunyamaza wakuache uvutiwe. Wewe anza na puli ya pampu ya maji. Ukiikuta laini, haina mifereji, hamia kwenye feni.

Nazungumzia hasa Chevrolet C10 na nduguye wa GMC, zile za kati ya 1973 na 1987, zenye injini ya V8 ya inchi 350, yaani lita 5.7. Zilitoka kiwandani na mikanda ya V, kila mmoja na kazi yake. Toleo jipya la 1988 likaja na mkanda mmoja mpana wenye mbavu, unaopita kwenye puli zote na kukazwa na tenshena ya springi. Kwa kuwa injini ni ya ukoo uleule, wenye magari ya zamani huko Marekani wakaanza kuvua vifaa vyote vya mbele ya injini kwenye magari yaliyopelekwa skrepa na kuvifunga kwenye ya kwao. Faida yake haina ubishi. Mkanda hubadilishwa kwa dakika chache, hauruki ovyo, na hakuna tena kubonyeza kwa kidole gumba na kukisia umekaza kiasi gani.

Alteneta huhamishwa kwa kurefusha waya. Pampu ya stelingi inahitaji mipira miwili. Kompresa ya kiyoyozi ndiyo yenye madai mengi, kwa sababu ni sehemu ya mzunguko wa gesi uliofungwa, unaopita kondensa mbele ya gari hadi koili iliyo nyuma ya dashibodi. Ukiisogeza kiganja kimoja tu, umegusa mabomba, mafuta, swichi na kipimo cha gesi. Kwa hiyo fundi wa kazi hii nampima kwa swali moja: badiliko lake alilifuata mpaka wapi?

Turudi kwenye puli laini. Mkanda wa V hushika puli kwa upande wa ndani tu, hivyo kila kitu huzunguka kwa mwelekeo wa krenki. Mkanda wa mbavu hufanya kazi pande zote mbili, na katika mpangilio huu ni mgongo wake unaoizungusha pampu ya maji, kinyume. Pampu ya kinyume inafanana kwa nje na ile ya zamani, na bolti zake huingia bila kulalamika. Tofauti iko ndani, kwenye mapanga. Feni nayo lazima iwe ya kinyume, pamoja na klachi yake. Fundi aliyeleta mkanda mpya na kubakiza feni ya zamani ametengeneza feni inayosukuma hewa kuelekea mbele, ikishindana na upepo wa barabarani.

Wa kwanza kuumia ni kiyoyozi. Kondensa hukaa mbele ya rejeta, na gari likisimama kwenye foleni haina upepo mwingine zaidi ya huo wa feni. Mwenye gari atakwambia: barabara kuu linapoa vizuri, mjini linapuliza joto, labda gesi imepungua. Akiongezewa gesi hali huzidi, maana presha ya upande wa juu ilikwisha kupanda. Kipimo ni karatasi: injini ikiwa inaunguruma taratibu, isogeze mbele ya grili, mbali na vinavyozunguka. Inatakiwa inase. Ikipeperuka kuja kwako, umeshajua. (Palipofungwa feni za umeme hoja hii haipo, kagua waya zake na rilei, endelea.)

Sasa zima injini, usimame ubavuni, ukiangalia mkanda kwa jicho moja kama seremala anavyokagua ubao. Puli zote zinatakiwa kusimama kwenye mstari mmoja. Mkanda wa mbavu hauvumilii kupinda. Milimita mbili zinatosha kuanzisha kelele na kuula ukingo. Hesabu mbavu: mkanda wa mbavu sita ukikalia mifereji mitano na mmoja ukabaki wazi, kuna puli imekaa mbele au nyuma zaidi ya inavyopaswa. Unga mweusi kwenye breketi una maana hiyohiyo. Kisha tazama mkanda umeikumbatia kompresa kwa kiasi gani. Ndiyo mzigo mzito kuliko yote pale mbele, na hauji polepole: klachi yake hunasa mara moja, mkanda ukashtuka. Napenda kuona karibu nusu ya duara imeshikwa. Mkanda ukiipapasa robo tu, utalia kila klachi inaponasa, na hakuna dawa ya kupuliza itakayouponya. Tenshena nayo ikae upande ambao mkanda unatoka kwenye krenki ukiwa umelegea. Ikiwekwa upande wa kuvutwa, springi hupigwa mpaka inachoka.

Breketi huzungumza hata bila kuguswa. Kompresa ishikwe kwa masikio yake yote, mbele na nyuma, na nafasi zijazwe na spesa nzima iliyokatwa kwa urefu wake. Rundo la washa maana yake ni kwamba mtu alikisia. Baya kuliko hilo ni nafasi iliyozibwa kwa kukaza bolti: sikio la alumini huvutwa, hukaa kimya miezi kadhaa, halafu hupasuka. Nikiona breketi ya kompresa ina tundu refu la kurekebishia, huwa najiuliza kwa nini lipo. Katika mpangilio wa mkanda mmoja kinachoruhusiwa kusogea ni tenshena peke yake. Tundu hilo mara nyingi ni kumbukumbu ya mikanda ya V ambayo mchoraji hakuwa tayari kuiacha. Breketi za chuma cha kiwandani zilizokwanguliwa rangi hazina sura, lakini nazipendelea kuliko zile zinazong'aa, kwa sababu nyingi kati ya hizi zimechorwa ili zipigwe picha.

Halafu kompresa yenyewe. C10 za mwanzo zilibeba A6, dude refu la kilo zipatazo kumi na sita, imara lakini zito. Baadaye ikaja R4, fupi na ya duara, inayojulikana kwa kuvuja kwenye maungio ya mwili wake. Wengi siku hizi huweka Sanden, na hapa ndipo hesabu inapowatofautisha mafundi. R4 husukuma kama sentimita za ujazo 163 kwa mzunguko mmoja; Sanden SD508 husukuma 138, na SD7H15 husukuma 155. Ukiweka SD508 palepale na puli ya kipenyo kilekile, umepunguza usukumaji kwa zaidi ya asilimia kumi na tano, na kibini ya pikapu yenye vioo vikubwa italisikia hilo saa sita mchana. Fundi mwenye akili hurudisha kwa puli ndogo. Puli ya krenki ya milimita 165 ikizungusha puli ya milimita 125, kompresa huenda mara 1.32 ya injini: mizunguko 700 ya injini inayounguruma taratibu huwa 924. Lakini injini ikifika 4,500, kompresa iko karibu 5,940, na hapo usiendelee kupunguza puli bila kusoma kikomo cha mtengenezaji. Muulize muuzaji uwiano huo. Akiujua, zungumza naye kwa heshima.

Angalia pia nafasi ya klachi: kwa Sanden hizi ni kati ya milimita 0.4 na 0.8. Na kompresa isilazwe kupita mwinamo ulioruhusiwa, maana mafuta yake hukaa chini.

Mipira ndiyo inayoficha mengi. Zamani pikapu hizi zilitumia gesi ya R12. Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaifungia njia. Marekani iliacha kuizalisha mwishoni mwa 1995, na nchi zinazoendelea zikafikia kikomo 2010. Kwa hiyo badiliko la mkanda karibu kila mara huja pamoja na R134a. Gesi hii hupenya mpira wa zamani, hivyo unahitajika mpira wenye utando wa nailoni ndani. Mpira mpya uliokatwa kwa urefu wake na kubanwa kwa mashine ni kazi ya kujivunia. Ule wa zamani uliorefushwa kwa viunganishi viwili vitatu ni mivujo iliyopangwa foleni, hesabu viungo. Ukiona klipu za kukaza kwa bisibisi kwenye mpira wa gesi, ujue mpira wote ni wa kubadilishwa. Mpira upitishwe mbali na bomba la moshi, na ulegee kidogo, kwa sababu V8 hujipinda kwenye mauntini zake kila ukikanyaga mafuta.

Mambo ya ndani huyaoni, kwa hiyo uliza. Mafuta ya madini ya R12 hayachanganyiki na R134a. Yanahitajika mafuta ya PAG au ya esta. Kikaushio kilibadilishwa? Mfumo ulivutwa vakyumu? Gesi ilipimwa kwa mizani, gramu ngapi? Kawaida ya kuanzia ni asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12: gari lililobeba gramu 1,400 huanzia kati ya 1,120 na 1,260, kisha kondensa mpya hubadili hesabu. Mafundi wetu wa pwani wanaojaza mpaka bomba litoe jasho wana mikono yenye uzoefu, ila jasho la bomba hutegemea unyevunyevu wa siku hiyo. Mizani haina habari na hali ya hewa.

Jambo dogo ambalo wengi hulisahau ni swichi ya kukata presha ikizidi. Kompresa za zamani zilikuwa na valvu inayofungua na kumwaga gesi nje. Sheria ya Marekani ya kubadili gesi inataka mfumo wenye valvu ya namna hiyo uongezewe swichi inayozima kompresa kabla ya kufika huko, pamoja na viunganishi vipya vya kujazia na lebo inayotaja gesi na mafuta. Lebo iliyojazwa kwa kalamu, yenye gramu na tarehe, hunishawishi kuliko krome yoyote.

Mwisho washa, simamisha gari juani dakika ishirini, vioo juu, uone kiyoyozi kinavyopoza. Kosa la mipira au swichi halinitishi: napunguza bei kwa kiasi cha matengenezo na kununua. Feni ya upande usio wake nayo hurekebishika kwa alasiri moja. Breketi iliyopinda ndiyo ninayoikimbia, kwa sababu kila kilichofungwa baada yake kilipimwa kutoka kwenye kosa.