Bosibori, Bochaberi na Kisanduku Kimoja: Jinsi Skrini ya Kutafutia Wagonjwa Ilivyorahisishwa

Skrini ya kutafutia katika programu nyingi za ofisi hufuata umbo la jedwali lililo nyuma yake. Jedwali likiwa na safu kumi na mbili, skrini nayo hupewa visanduku kumi na viwili: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, namba ya kitambulisho, na kuendelea hadi chini. Mtindo huu una asili yake. Katikati ya miaka ya 1970, Moshé Zloof wa kampuni ya IBM alibuni lugha iitwayo Query by Example, ambamo mtumiaji hujaza mfano wa anachokitaka ndani ya jedwali tupu na kompyuta humletea mistari inayolingana nao. Ilikuwa hatua kubwa, kwa maana iliwaondolea watu wasio wataalamu mzigo wa kuandika amri. Ugumu ulianza jedwali hilo tupu lilipowekwa mbele ya karani asiyejua data imepangwaje, na ambaye kazi yake haimdai ajue.

Dirisha la rekodi la hospitali au zahanati katika kaunti za Kisii na Nyamira huudhihirisha ugumu huo vizuri. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na sehemu kubwa yao ni Abagusii. Mtoto wa Kigusii aghalabu hupewa jina la jamaa aliyefariki, kwa hiyo majina hurudi kizazi baada ya kizazi ndani ya ukoo uleule. Kwamboka, Moraa, Kerubo, Nyaboke, Kemunto, Bosibori na Bochaberi ni majina ya wanawake yanayosikika kila kona, na wanaume wengi mno wana majina yanayoanza na O: Omwenga, Onyancha, Ondieki, Ongeri, Onsongo. Mwanamke mmoja anaweza kuandikwa Nyaboke Moraa katika kituo kimoja na Moraa Nyaboke katika kingine, kisha akaongezewa jina la mume katika cha tatu. Tarehe ya kuzaliwa ya mzee mara nyingi ni ya kukadiria. Mtoto hana kitambulisho. Kadi ya kliniki imebaki nyumbani.

Karani akijaza visanduku vitano, na mfumo ukadai vyote vilingane sawasawa, kosa katika kimoja tu linatosha kuleta jibu tupu. Foleni ni ndefu, mgonjwa anasubiri, na njia ya haraka ni kumfungulia faili jipya. Hapo mtu mmoja huwa na rekodi mbili: dawa za shinikizo la damu ziko huku, mzio wake kwa penisilini umeandikwa kule. Faili pacha kwa kawaida huhesabiwa kuwa uzembe wa karani, ilhali mara nyingi limezaliwa na skrini.

Programu iliyolishughulikia jambo hili kwa upana katika Afrika Mashariki ni OpenMRS. Ilianzishwa mwaka 2004 na Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, kwa mahitaji ya mpango wa AMPATH mjini Eldoret, ambako kliniki za VVU zilikuwa zikipokea wagonjwa wengi kuliko karatasi zilivyoweza kuhimili. Juu ya msingi huo Wizara ya Afya ya Kenya, ikishirikiana na I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington, ilijenga KenyaEMR kuanzia 2012, na katika miaka michache ikawa imefika katika vituo zaidi ya 300.

Badala ya fomu, skrini ya OpenMRS ya kumtafuta mgonjwa huweka kisanduku kimoja. Karani huandika alichonacho, kiwe kipande cha jina au namba, na mfumo ndio unaobeba kazi ya kukisia ni kitu gani. Akiandika “nya mor”, kila kipande hulinganishwa na mwanzo wa jina lolote la mgonjwa, la kwanza, la kati au la ukoo, kwa hiyo Nyaboke Moraa na Moraa Nyaboke hupatikana sawia. Majibu huanza kuonekana baada ya herufi chache, bila kubonyeza kitufe, na hupungua kadiri herufi zinavyoongezeka. Kuandika kwenyewe kunakuwa kuchuja. Kisanduku kikiwa bado kitupu, skrini huonyesha wagonjwa waliofunguliwa karibuni. Jambo hili huonekana dogo, lakini mgonjwa aliyeandikishwa asubuhi atarudi dirishani baada ya maabara, na wa kwanza kutafutwa tena mara nyingi ni yule aliyetafutwa saa moja iliyopita.

Kila mstari wa majibu huonyesha namba, jina, jinsia, umri na tarehe ya kuzaliwa. Uteuzi wa safu hizi una uzito mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Palipo na akina Kerubo Moraa kumi na mmoja, jina halisaidii tena, na karani huwatenganisha kwa umri. Mstari usio na umri humlazimisha afungue rekodi moja moja, na kila rekodi isiyo sahihi inayofunguliwa ni dakika iliyopotea na siri ya mtu iliyochunguliwa bure.

Tahajia ndiyo iliyobaki kuwa ngumu. OpenMRS ina hatua ya kukagua kabla mgonjwa mpya hajaandikishwa: hupokea jina, jinsia na mwaka wa kuzaliwa, kisha huleta watu wanaofanana naye. Kufanana kwa majina hupimwa kwa Soundex, kanuni ambayo Robert Russell wa Pittsburgh aliipatia hataza mwaka 1918 na ambayo baadaye ilitumika kutengeneza faharasa za sensa ya Marekani. Soundex huacha herufi ya kwanza kama ilivyo, huziondoa irabu, na kuzigeuza konsonanti zilizobaki kuwa tarakimu kwa makundi: b, f, p na v ni 1, c, g, j, k, q, s, x na z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Tarakimu tatu za kwanza zinatosha.

Kanuni iliyopimwa kwa majina ya Pittsburgh ikiletwa Gusii hukosea pande zote mbili. Bosibori hupata B216. Bochaberi naye hupata B216, kwa kuwa s na c zimo katika kundi moja na h haihesabiwi. Omwenga na Onyancha, majina ambayo hakuna msikilizaji wa Ekegusii atakayeyachanganya, yote ni O552. Upande wa pili, Kwamboka ni K512, lakini karani akiangusha m na kuandika Kwaboka, msimbo unakuwa K120 na mgonjwa hapatikani. Ekegusii hakina sauti ya l katika maneno yake ya asili, kwa hiyo karani mgeni anayeandika Kelubo badala ya Kerubo anatoka K610 hadi K410. Herufi ya kwanza, inayolindwa na Soundex kama nanga, nayo ni dhaifu hapa: kwa wanaume wengi ni O tu, na Gesare akiandikwa Kesare anahamia kundi jingine kabisa.

Dawa haiko mbali, maana kanuni ya matamshi ni kipande kifupi cha programu. Kwa majina ya Gusii inatosha r na l zihesabiwe sauti moja, g na k vivyo hivyo hata mwanzoni mwa jina, m au n inayotangulia konsonanti isitiliwe maanani, na ch itenganishwe na s. Hapo Kwamboka na Kwaboka hukutana, Bosibori na Bochaberi wakaachana. Ritifaa nayo yataka kanuni yake: Mong’are, Mong'are na Mongare ni jina moja, lakini kwa kompyuta ni matatu, kwa kuwa ritifaa iliyopinda ya simu si ile iliyonyooka ya kibodi. Njia safi ni kuiondoa katika nakala ya jina inayotumika kutafutia, huku jina lenyewe likihifadhiwa kama mwenyewe alivyolitaja. Kisha majibu yapangwe: yanayolingana herufi kwa herufi juu, yanayofanana kwa sauti chini yake, na mpaka kati ya makundi hayo uonekane. Mfumo unaochanganya yote bila mpangilio humfanya karani aache kuuamini, na karani asiyeuamini hurudi kwenye daftari.

Namba zina matatizo mengine. Namba ya mgonjwa wa kliniki ya VVU nchini Kenya ina tarakimu kumi: tano za msimbo wa kituo na tano za mfululizo wa kituo hicho. Ikikosewa tarakimu moja, bado hubaki namba inayowezekana, na jibu tupu halisemi kama mgonjwa hayumo au kidole kiliteleza. Namba ambazo OpenMRS hutoa yenyewe zinaweza kubeba tarakimu ya uhakiki kwa kanuni ya Hans Peter Luhn wa IBM, ileile ya kadi za benki, inayonasa kila kosa la tarakimu moja na karibu kila kosa la kupishanisha tarakimu mbili jirani. Skrini basi inaweza kusema namba imeandikwa vibaya, kauli iliyo mbali sana na kusema mgonjwa hakupatikana. Namba za simu zahitaji usawazishaji tu: 0712, 254712 na +254712 ni mwanzo wa laini ileile, na kulinganisha tarakimu tisa za mwisho kunamaliza kazi, hata kwa laini za 01 zilizoanza kutolewa mwaka 2019.

Kisanduku kimoja hakifai kila mahali. Utafutaji wa hati za ardhi katika kaunti hizi hutumia namba za viwanja zilizojengwa kwa majina ya sehemu za usajili, nyingi zikifuata koo kubwa za Abagusii: West Mugirango, Central Kitutu, Wanjare, Nyaribari Chache, kisha jina la eneo dogo, kisha namba. Mfano unaosumbua ni Nyaribari Chache/B/B/Boburia. Watu huandika B/B kwa mikwaju, wengine kwa nukta, wengine BB. Baya zaidi, katika injini za utafutaji zilizojengwa juu ya Lucene, mkwaju tangu toleo la 4.0 ni alama maalumu inayofungua amri ya ruwaza, hivyo namba iliyoandikwa kwa usahihi kabisa inaweza kurudisha kosa endapo programu haikuisafisha kwanza. Hapa orodha zinazofuatana zina faida: sehemu ya usajili huchaguliwa kwanza, orodha ya maeneo ikajifupisha yenyewe, na namba tu ndiyo inayoandikwa. Sehemu hizo ni chache na hazibadiliki ovyo, tofauti na majina ya watu. Wakili anayetafuta viwanja thelathini kwa siku, hata hivyo, atataka kubandika namba nzima mara moja, kwa hiyo kisanduku cha kubandika kikae juu ya orodha hizo.

Jibu tupu lenyewe ni skrini inayostahili kusanifiwa. Liseme ni sharti gani lililozuia majibu na litoe njia ya kuliondoa kwa mbofyo mmoja: “Hakuna Kerubo aliyezaliwa 1984, wapo saba waliozaliwa kati ya 1982 na 1986.” Kitufe cha kumwandikisha mgonjwa mpya kionekane baada tu ya utafutaji kufanyika, kisikae pembeni mwa kisanduku tangu mwanzo kikimvuta mwenye haraka.

Ulegevu huu wote una gharama. Kadiri utafutaji unavyosamehe makosa, ndivyo majina ya watu wasiohusika yanavyojitokeza kwenye kioo, na katika kliniki ya VVU kuonekana kwa jina kunatosha kufichua hali ya mtu kwa karani ambaye huenda ni jirani yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 huihesabu taarifa ya afya kuwa data nyeti. Kwa sababu hiyo kuna kiwango cha chini cha herufi kabla majibu hayajatokea, idadi ya majibu huwekewa kikomo, jina la kliniki huachwa nje ya mstari wa majibu, na mfumo huandika ni nani aliyefungua rekodi ipi na saa ngapi.